Pazia la Kusini

Gari lilikuwa linanguruma mlangoni. Taa zake zilimulika theluji ya uani, na moshi mweupe ulitoka nyuma yake kama pumzi ya ng'ombe. Saa tatu asubuhi ilikuwa imepita, lakini bado kulikuwa na giza. Dagny alikuwa ameinama ndani ya gari, anamfunga mwanawe mkanda.

"Mama, rudi ndani. Utaganda," alisema bila kugeuka.

"Nina sweta."

"Una sweta, na miguuni una ndala. Kwenye theluji, mama!"

Unnur alitazama miguu yake. Kweli, alikuwa amevaa ndala za jikoni. Hakuwa amehisi baridi. Asubuhi hiyo alikuwa na kazi moja tu, nayo ilikuwa kutolia.

Kioo cha nyuma kikashuka. Kichwa cha mjukuu wake Loa kikachomoza, kofia imemziba macho.

"Bibi! Jua likifika, nipigie simu mimi. Kabla ya mtu yeyote. Hata kabla ya mama."

"Nitakupigia."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Apa kwa Flekka!"

"Haya, naapa kwa Flekka."

Flekka alikuwa kondoo. Habari zake zinakuja.

Ketill, mume wa Unnur, aliligonga bati la gari kwa kiganja. "Nendeni kabla upepo haujaamka. Na wewe Dagny, usikimbize gari kama unafukuzwa na deni."

"Baba, mimi si mtoto."

"Ndiyo maana nakuambia. Mtoto hapewi usukani."

Gari likaondoka. Sikukuu zilikuwa zimekwisha. Jana yake ilikuwa siku ya kumi na tatu ya Krismasi. Watu wa ghuba waliwasha moto mkubwa ufukweni, wakaimba, wakaizima Krismasi kama desturi ya Aislandi ilivyo. Taa za rangi zilikuwa zimeshatolewa madirishani na kurudishwa boharini.

Anayeondoka Bakki, shamba la Unnur na Ketill, huaga mara mbili. Barabara ya pale haivuki maji. Inafuata ufuko mpaka ndani kabisa ya ghuba, kisha inarudi upande wa pili, chini ya mlima, mpaka kwenye rasi. Kwa hiyo gari hupotea, halafu huonekana tena ng'ambo, dogo kama punje. Unaliona, lakini hulifikii.

Unnur alisimama kwenye dirisha la kusini, sebuleni, akingoja. Taa mbili nyekundu zikatokea ng'ambo ya maji. Zikaenda polepole. Zilipofika rasini zikafifia, kisha zikazimika.

"Wametoka," alisema.

"Wametoka," Ketill alijibu kutoka jikoni.

Unnur akashika pazia kwa mikono miwili, akalivuta. Chumba kikawa giza.

*

Pazia hilo lilikuwa la sufu nyekundu, zito kama blanketi. Lilifumwa na mama yake Ketill, marehemu Gudlaug. Gudlaug ndiye aliyeanzisha desturi ya nyumba ile. Tangu mwezi wa kumi na moja jua halionekani Bakki. Lipo, lakini linapita nyuma ya mlima. Huchungulia tena juu ya mlima mwanzoni mwa mwezi wa pili. Basi Krismasi ikiisha, Gudlaug alilifunga pazia la kusini, na halikufunguliwa mpaka siku jua linaporudi.

"Jua ni mgeni wa heshima," alikuwa akisema. "Mgeni wa heshima hachunguliwi akiwa njiani. Anangojwa. Akipiga hodi, anafunguliwa."

Siku hiyo pazia huvutwa mara moja, na mwanga humwagika sebuleni kama maziwa. Majirani huja kunywa kahawa ya jua na kula chapati za maji, nyembamba, zenye jamu na krimu. Kila mwaka nyumba moja ya ghuba huandaa. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Bakki.

Unnur alikuwa ameifuata desturi ya mama mkwe wake tangu alipoolewa, na haikuwahi kumdhuru. Lakini mwaka huu mambo yalikuwa tofauti, na yeye mwenyewe hakujua tofauti iko wapi.

Siku za kwanza alijiambia amechoka. Nani hachoki baada ya wageni? Alilala mpaka saa nne, kisha mpaka saa tano. Ketill alikuwa akiamka mapema kwenda kwa kondoo. Masika iliyopita aliacha kazi ya meli ya uvuvi kwa sababu ya magoti. Alimwambia mkewe, "Maisha yangu yote nimekuwa baharini, na wewe umekuwa zizini. Sasa ni zamu yangu. Wewe pumzika, mama." Alilisema kwa mapenzi, na alilitimiza kwa mapenzi. Alitoka kimyakimya asimwamshe. Taa ya chumbani hakuiwasha.

Basi Unnur akapumzika. Alipumzika mpaka pumziko likawa mzigo.

Hakuwa analia. Angelia angalau angejua ana nini. Mwili ulikuwa mzito kama sufu iliyolowa. Nyama hakuitaka, lakini biskuti alizila pakiti nzima bila kusikia ladha. Mchana alisinzia kwenye kiti, taa ya dari ikiwa inawaka na pazia limefungwa. Usiku ndio alikuwa macho. Alitazama picha za Loa kwenye simu: Loa na kondoo, Loa na krimu puani, Loa amelala kochini amefungua mdomo. Alinusa mto ambao mtoto alilalia. Harufu ilikuwa inapungua kila siku, na alijua kadiri anavyozidi kuunusa ndivyo anavyoimaliza.

Dagny akipiga simu, Unnur aliiacha iite.

"Mbona hupokei?" Ketill aliuliza.

"Nikimsikia, halafu akikata, ni kama anaondoka tena. Mara mbili zinatosha."

Ketill alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa bahari. Alijua dawa ya upepo na dawa ya wavu uliochanika. Dawa ya hili hakuijua. Akafanya alilolijua: akamletea kahawa nyingine, na jioni akammiminia kiglasi cha brandi ili apate usingizi.

Kisha jioni moja, wakila supu, Unnur alisema, "Mpigie Bersi."

Kijiko cha Ketill kikasimama hewani. Bersi alikuwa binamu yake wa mjini, Reykjavik. Kwa muda mrefu aliitaka Bakki iwe nyumba yake ya kiangazi. Krismasi ile alikuwa ameuliza tena kwa simu, na wote wawili walimcheka.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie tunauza. Tuhamie karibu na Dagny. Hapa tunangoja nini?"

"Bersi hataki kondoo, Unnur."

"Basi waende machinjioni. Kondoo ni kondoo."

Ketill alimtazama mkewe. Mwanamke huyu aliwahi kulala zizini akimnyonyesha mwanakondoo kwa chupa. Mwanamke huyu aliwapa kondoo wake majina, na akiwaita waliitika. "Kondoo ni kondoo"? Alitaka kusema neno, akalimeza pamoja na supu. Alidhani kumpenda mtu ni kumkubalia. Kesho yake akampigia Bersi. Bersi alifurahi, akasema atakuja mwisho wa mwezi kupeana mikono.

"Na kahawa ya jua?" Ketill aliuliza baadaye.

"Waambie majirani mwaka huu hakuna."

*

Habari hiyo ilitembea ghuba nzima kabla kahawa ya asubuhi haijapoa. Bakki bila kahawa ya jua? Tangu lini?

Aliyeshituka zaidi ni Rannveig, jirani wa shamba la pili. Alikuwa nesi wa zahanati ya kijiji, mama mnene wa vicheko, mwenye mbwa asiye na adabu. Siku yake ya mapumziko alivaa viatu vya theluji, akatembea mpaka Bakki. Alifika saa sita mchana.

"Hodi! Kuna watu humu, au mmeshahamia kuzimu?"

Unnur alikuwa kwenye kiti chake, amevaa gauni la kulalia. Alijaribu kufunga nywele kwa vidole.

"Karibu. Usinitazame, sijajiandaa."

"Nikutazame na nini? Humu hata paka angehitaji tochi." Rannveig alikaa, akavua glavu. Hakucheka tena. "Unnur mwenzangu. Sikuja kwa ajili ya chapati. Nimekuja kwa ajili yako. Una nini?"

"Nimechoka tu."

"Tangu lini?"

Unnur alitazama pazia. "Tangu walipoondoka. Hapana. Hata kabla. Walipokuwa hapa nilisahau. Walipoondoka nikakumbuka."

"Unalala?"

"Mchana nalala kama jiwe. Usiku siwezi."

"Unakula?"

"Biskuti."

"Kuna kitu chochote kinachokufurahisha?"

Unnur alifikiri sana. Swali lilikuwa dogo, lakini jibu halikupatikana. Hilo ndilo lililomletea machozi, ya kwanza tangu siku ya gari.

Rannveig alimwacha alie. Mbwa aliweka kidevu kwenye goti la Unnur. Kisha Rannveig akauliza, taratibu, bila kuzungukazunguka:

"Je, umewahi kuwaza heri usingeamka? Au kujidhuru?"

"Nimewaza kulala mpaka theluji iyeyuke. Kufa, hapana."

"Sawa. Wazo hilo likija, hata usiku wa manane, nipigie. Usingoje kupambazuke. Na usione aibu kwamba nimeuliza. Kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani. Kunamtua mzigo."

Unnur alijifuta. "Ni kumkumbuka mtoto tu, Rannveig. Nani hamkumbuki mwanawe?"

"Kumkumbuka mtoto kupo, na hakuna dawa yake. Mimi mwenyewe wangu wako Denmark. Lakini hapa pana vitu viwili vimefungwa kamba moja. Niambie. Mwaka jana saa hizi, saa sita mchana, ulikuwa wapi?"

"Mwaka jana? Kwa kondoo. Nilikuwa nawatoa kwenda kijitoni, navunja barafu wanywe."

"Mwaka juzi?"

"Vilevile."

"Na mwaka huu?"

"Ketill ndiye anayekwenda. Mimi napumzika."

"Unapumzika wapi?"

Unnur aligeuza macho, akaitazama taa ya dari, akalitazama pazia.

"Sikiliza," Rannveig alisema. "Mwilini mna saa. Saa hiyo haijazwi kwa ufunguo, inajazwa kwa mwanga unaoingia machoni. Mwanga wa mchana ukiingia, mwili unajua kumekucha. Usipoingia, saa inapotea njia. Usingizi unavurugika, moyo unazama, mtu anatamani wanga na vitamu, na kila kitu kinakuwa kizito. Watu wengi huku kaskazini hupatwa na hali hii majira ya baridi. Si uvivu. Si kukosa shukrani. Ni hali inayojulikana, na inatibika."

"Lakini jua lenyewe halipo! Nitoke nikatazame nini?"

"Hapo ndipo watu wa ghuba hii tunapokosea. Tunasema jua halipo, basi mwanga haupo. Toka nje sasa hivi. Anga ni nyeupe, theluji ni nyeupe. Hata jua likiwa nyuma ya mlima, mwanga wa nje wa saa sita unaishinda hiyo taa yako mara nyingi sana. Lakini haudumu. Ukiulalia, umeukosa mpaka kesho."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Ketill aliingia na theluji mabegani na nyasi kavu kichwani.

"Kaka Ketill," Rannveig alisema, "umepigana na kondoo?"

"Na Flekka. Hanifuati, yule shetani. Nikimwambia twende anakaa. Nikimwambia kaa anakwenda. Wenzake wote wanamtazama yeye, hakuna anayenitazama mimi."

"Baharini walikusikiliza?"

"Samaki hawabishi."

Unnur alitoa sauti puani. Hakikuwa kicheko, lakini kilikuwa jirani yake. Ketill alimtazama upesi, kama mtu aliyesikia ndege katikati ya majira ya baridi.

"Nimesikia mnauza," Rannveig alisema.

Ketill na Unnur walitazamana.

"Si kazi yangu kuwazuia. Nyumba ni yenu. Lakini gizani mtu hanunui hata kitambaa, maana hajui rangi yake. Mtauzaje nyumba? Ngojeni jua. Likifika, na bado mnataka kuuza, uzeni, nami nitakuja kufunga masanduku."

Ketill alivua kofia. "Mimi sikutaka. Nilidhani yeye anataka."

"Nilidhani wewe umechoka na kondoo," Unnur alisema.

"Nimechoka na Flekka. Kondoo wengine hawajanikosea."

Rannveig aliwaeleza la kufanya, polepole, akirudia. Unnur aamke saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Mchana atoke nje mwanga unapokuwepo, na asile biskuti tupu, ale chakula. "Na kiglasi cha usiku?" Ketill aliuliza.

"Kinamlaza, kisha kinamwamsha saa tisa. Kirudishe kabatini. Kijiko cha mafuta ya ini la samaki kinatosha, asubuhi. Hayaondoi huzuni, lakini yana vitamini ambayo ngozi huipata kwa jua, na jua hatuna."

Tena akasema zahanati ina taa maalumu ya mwanga mkali inayoazimishwa. Mtu huiweka mezani asubuhi, karibu nusu saa, wakati anakunywa kahawa. Haikodolewi macho, inakaa pembeni. "Lakini kwanza umwone daktari Alhamisi. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kupandwa na furaha mpaka halali siku nyingi, haitumii bila ushauri. Na daktari atapima damu, maana uchovu una mama wengi."

Akasimama, akaenda dirishani. "Na hili lifunguliwe."

"Hapana!" Unnur alisema kwa nguvu, nguvu ya kwanza kumtoka siku nyingi. "Hilo ni la mama mkwe. Halifunguliwi mpaka jua lifike. Nikilifungua sasa, siku ile tutafungua nini?"

Rannveig alimtazama Ketill. Ketill alikuwa amesimama na kofia mkononi, anafikiri.

"Unnur," alisema. "Mama yangu alikuwa na watoto tisa na ng'ombe wanne. Mchana kutwa alikuwa nje. Alilifunga pazia hili kwa sababu humu ndani hakuwamo."

Upepo uliuma pembe ya nyumba. Kisha Unnur akainuka, kwa gauni lake la kulalia, akalivuta pazia mwenyewe.

Jua halikuwapo. Ilikuwa mchana mweupe tu, na maji ya kijivu, na ng'ambo ile barabara, na mwisho wake rasi. Unnur aliitazama rasi. Moyo ulimuuma palepale pa siku zote. Lakini sasa aliona pia kwamba kwenye kijito, chini ya nyumba, kondoo walikuwa wamesimama mbele ya barafu, hawanywi. Flekka alikuwa mbele yao. Alikuwa ameigeukia nyumba.

"Hujavunja barafu vizuri," Unnur alimwambia mumewe.

"Nimevunja!"

"Umeikwaruza. Nipe viatu vyangu."

*

Hadithi ingekuwa fupi kama ingeishia hapo. Siku ile Unnur alitoka, akavunja barafu, akarudi, akasema hajisikii tofauti yoyote. Kesho yake alitoka tena, akilalamika. Siku ya tatu dhoruba ilipiga, hakuna aliyetoka, na Unnur akarudi kitandani akageukia ukuta. "Sijui mwanga gani huo," alisema. "Mimi namtaka Loa."

Ketill hakutembea kimyakimya tena. Aliwasha taa ya chumbani, akaweka kahawa, akakaa kitandani.

"Amka, mama."

"Niache."

"Nilikuacha. Ona tulipofika."

Alhamisi alimpeleka kwa daktari. Damu ilikuwa nzuri. Daktari aliwapa taa, akamwandikia Unnur mshauri wa kuzungumza naye kwa simu kila wiki, akasema hali isipoimarika arudi, kwani zipo tiba nyingine. Taa ilikuwa kubwa kama sinia. Ketill aliiweka mezani, akasema kifungua kinywa sasa ni kama kuvua usiku, zinakosekana nyavu tu.

Nyumba ile ikapata mwendo mpya. Asubuhi taa, uji na mafuta ya ini. Mchana, Unnur na Flekka.

Flekka alikuwa kondoo kiongozi, mrefu, mwenye madoa, wa ukoo wa kondoo wanaotangulia wenzao kwenye theluji na kukataa kutoka dhoruba inapokaribia. Ketill alipomvuta, hakwenda. Unnur alipotokea mlangoni na kusema "Haya, bibi," alikwenda. Walitembea mbele, kundi likafuata, mpaka kijitoni na kurudi. Unnur alimsimulia mambo. Alimwambia kwamba Loa ameota jino jipya. Alimwambia kwamba kule mjini hakuna mtu anayemwita mwenzake kwa kupiga kelele toka ng'ambo ya shamba. Flekka alitafuna. Ukitaka msikilizaji asiyekukatiza, tafuta kondoo.

Hakuna siku moja ambayo Unnur angeweza kusema, leo ndiyo nimepona. Siku moja aligundua amelala usiku mzima. Siku nyingine aliona nyama ya moshi ina ladha. Kisha simu iliita, naye akaipokea kabla ya kuogopa.

"Mama?" Dagny alisema. "Mama, ni wewe? Nilidhani umenikasirikia."

"Sikukukasirikia. Nilikuwa nakukumbuka mpaka siwezi kukusikia."

Upande wa pili wa simu Dagny akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nalia kwenye gari nikitoka kazini, mama. Kila siku. Sikutaka ujue."

"Basi tutajuana," Unnur alisema. "Nipigie hukohuko garini."

Siku ileile aliwaambia majirani kwamba kahawa ya jua ipo, kisha akampigia Bersi. "Usije mwisho wa mwezi," alimwambia. "Njoo siku ya kahawa ya jua. Jibu utalipata mchana, nikiwa nakuona uso."

*

Siku yenyewe anga ilikuwa safi, na baridi ilikuwa inauma meno. Ketill alikuwa amepika chapati za maji tangu asubuhi. Alizipika vibaya, nene kama soli, na majirani walizisifu huku wakizikunja kwa shida. Rannveig alikuja na mbwa. Bersi alikuja na viatu vya mjini, akaanguka mara mbili kati ya gari na mlango.

Pazia lilikuwa wazi. Siku hizi lilikuwa wazi kila mchana. Unnur aliogopa sherehe ingekuwa butu, kwa kuwa mgeni walishamchungulia njiani. Alisimama dirishani na simu mkononi.

Ukingo wa mlima ukawa wa dhahabu. Kisha moto mdogo ukawaka kwenye pengo la mlima, ukakua, na mwanga ukashuka. Ulivuka maji. Ulipanda ufukoni. Ulipita juu ya kondoo kijitoni, na migongo yao ikang'aa. Kisha ukaingia sebuleni, ukampiga Unnur usoni. Akafumba macho. Alikuwa amesahau kwamba jua lina joto.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Rannveig alinong'ona, na watu wote wakapiga makofi.

Unnur alibonyeza simu.

"Loa? Limefika."

"Kweli? Umempigia mtu mwingine?"

"Hakuna. Wewe wa kwanza."

"Liko wapi?"

"Liko usoni kwangu."

"Ningekuwa hapo," Loa alisema.

"Ningependa ungekuwa hapa," Unnur alisema. Machozi yalimtoka, na jua liliyakausha, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Bersi alingoja mpaka Unnur alipoweka simu chini. "Sasa, shemeji. Tunapeana mikono?"

Unnur aliitazama barabara ya ng'ambo, yote, mpaka rasini. Sasa ilikuwa na mwanga, na bado ilikuwa ndefu.

"Namtaka mwanangu," alisema. "Hilo ni kweli, jua au giza. Lakini Bakki siuzi. Nilitaka kuuza nyumba kumbe nilitaka kuuza giza, Bersi, na giza hata wewe usingelinunua. Kaa ule chapati."

"Hizi?" Bersi aliuliza.

"Hizohizo," alisema Ketill. "Ndizo adhabu yako."

*

Bersi alinunua nyumba nyingine, ghuba ya tatu kutoka pale. Huja mwezi wa saba na kulalamikia visubi. Rannveig alihamishiwa kituo kikubwa zaidi kusini, na mbwa wake alibaki Bakki kwa sababu alikataa kupanda gari. Ketill aliacha zizi, akarudi baharini kwa boti ndogo wakati wa kiangazi tu, na magoti yake hayajapona. Flekka alizaa mapacha masika ile. Mmoja alikufa, mwingine ndiye anayeongoza kundi sasa. Pazia jekundu lilikatwa, likawa mito ya benchi la zizini.

Dagny hakurudi kuishi ghubani. Kila mwaka, kahawa ya jua ikiisha, Unnur huenda Reykjavik kukaa naye kidogo, kisha hurudi kabla kondoo hawajaanza kuzaa. Loa sasa ana simu yake mwenyewe, na bado ndiye anayepigiwa kwanza. Hali ile ilimrudia Unnur majira mawili ya baridi, si kwa uzito uleule. Mwezi wa kumi unapofika, taa ya mwanga hutolewa kabatini kabla huzuni haijabisha hodi.

Sikukuu zikiisha, gari likiondoka, Unnur husimama dirishani mpaka taa nyekundu zipotee rasini. Kisha huvaa viatu, akatoka nje.